Ua Lisilo na Subira: Namna ya Kulitunza Mwaka Mzima

Huenda nyumbani kwako, au kwa jirani yako, liko kopo lenye ua. Kopo hilo limewekwa barazani au karibu na dirisha. Wakati wa mvua ua lake hustawi na kupendeza. Ifikapo Oktoba majani hulegea, maua hupukutika, na mwenye nyumba hujiuliza: Nilinyweshe au niliache life? Maji yenyewe yako mbali, na watoto wanataka kuoga.

Somo hili linahusu swali hilo. Ukilisoma mpaka mwisho utaweza:

(a) kulitambua ua linaloota na kuchanua upesi, ambalo asili yake ni huku kwetu Afrika ya Mashariki;
(b) kulitunza wakati wa mvua, wakati wa kipupwe na wakati wa kiangazi;
(c) kupiga hesabu ya maji yanayotumiwa na maua ya nyumbani;
(d) kuzuia mbu wasizaliane katika makopo ya maua.

1. NI UA GANI HILI?

Shina lake ni laini, nene, na lina maji mengi ndani. Ukilivunja hukatika kwa urahisi kama bua changa. Majani yake ni ya kijani, na kingo zake zina meno madogo. Ua lenyewe ni bapa, lina petali tano, na kwa nyuma lina mkia mwembamba uliopinda. Rangi zake ni nyingi: nyekundu, nyeupe, waridi, zambarau na nyinginezo. Mmea hufikia urefu wa sentimita 30 hadi 60.

Alama iliyo kubwa kuliko zote ni mbegu. Mbegu hukaa katika kifuko kidogo cha kijani. Kifuko kikikomaa, ukikigusa tu hupasuka ghafla na kurusha mbegu huku na huku. Watoto hupenda sana mchezo huo. Kwa sababu hiyo wataalamu waliuita ukoo wa mmea huu Impatiens. Hilo ni neno la Kilatini, na maana yake ni "asiye na subira". Katika somo hili nasi tutaliita ua lisilo na subira.

Ua hili huota lenyewe porini kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Hupenda mahali penye kivuli na unyevu, kama vile kandokando ya vijito na chini ya miti mikubwa. Ukikumbuka jambo hilo moja, utakuwa umeelewa nusu ya somo. Mmea uliozaliwa kivulini kando ya kijito haupendi jua kali, wala haupendi udongo uliokauka kabisa.

Watu wa kila mahali wana jina lao la mimea. Waulize wazee wa kijiji chako wanaliitaje ua hili. Kisha andika jina hilo hapa:

............................................................

2. UA LA KWETU LILILOZUNGUKA DUNIA

Jina kamili la kitaalamu la ua hili ni Impatiens walleriana. Neno la pili limetokana na jina la mtu, Horace Waller. Waller alikuwa Mwingereza wa chama cha wamisionari kilichojulikana kwa herufi UMCA. Mwaka 1861 alifika na wenzake katika nchi ambayo leo inaitwa Malawi. Baadaye, huko kwao, aliandika na kusema sana kupinga biashara ya watumwa. Chama hicho hicho ndicho kilichoanzisha kituo cha Masasi mwaka 1876, chini ya Askofu Edward Steere, pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kwa hiyo jina la ua hili na historia ya Masasi vimekaribiana.

Mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Joseph Hooker, alilitangaza ua hili kwa jina la Waller mwaka 1868. Baadaye Sir John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja, alipeleka Uingereza mmea kama huo kutoka Unguja. Mwaka 1882 Hooker aliupa mmea huo jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Sultani wa wakati huo alikuwa Barghash. Baadaye wataalamu waligundua kwamba mimea hiyo miwili ni mmoja. Jina lililotangulia ndilo linalotumika.

Katika nchi za Ulaya majira ya baridi huua ua hili likiachwa nje. Basi watu walilipanda katika vyungu na kuliweka ndani ya nyumba, karibu na dirisha. Katika miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, Claude Hope, alifanya kazi katika nchi ya Costa Rica ya kuchagua na kuchanganya mbegu za ua hili. Alipata miche mifupi yenye matawi mengi na maua mengi. Baada ya hapo ua hili likawa miongoni mwa maua yanayouzwa kwa wingi sana katika Marekani na Ulaya.

Tunajifunza nini hapa? Tunajifunza kwamba mmea ambao sisi huupita njiani bila kuutazama, wengine waliutazama, wakauandika, wakauchagulia mbegu, wakapata riziki. Kutazama na kuandika ni kazi ambayo mwanakisomo naye anaiweza.

3. KOPO, UDONGO NA MAHALI

Kopo. Tumia kopo, chungu kilichopasuka mdomo, au sufuria kuukuu. Upana wa sentimita 20 unatosha. Toboa matundu manne au matano chini. Bila matundu maji hutuama, mizizi huoza, na mmea hufa huku udongo ukiwa umelowa. USITUMIE kopo lililokuwa na dawa ya wadudu au dawa ya mikorosho, hata kama limeoshwa. Kopo hilo halifai kuingia nyumbani kwa kazi yoyote.

Udongo. Changanya mafungu matatu:
- fungu 1 la udongo wa juu kutoka chini ya mti;
- fungu 1 la samadi iliyooza vizuri, isiyo na joto wala harufu kali;
- fungu 1 la mchanga.

Tia vigae au kokoto chache chini ya kopo, juu ya matundu, ili udongo usitoke. Kisha jaza udongo. Acha nafasi ya vidole viwili juu ili maji yasimwagike unaponyweshea.

Mahali. Weka kopo barazani au kwenye upenu, mahali penye mwanga usiokuwa mkali. Jua la asubuhi mpaka saa 3 halidhuru. Jua la mchana hubabua majani. Ndani ya nyumba weka karibu na dirisha. Mmea ukirefuka na kuwa mwembamba kama kamba, ujue unatafuta mwanga. Usogeze karibu na dirisha.

Ndugu msomaji, kazi hii ni sawa na kazi ya kulea miche ya mikorosho katika viriba. Matundu, udongo mchanganyiko, kivuli na maji ya kiasi: yote ni yale yale. Anayeweza kulea ua hili mwaka mzima ataweza pia kulea kitalu.

4. WAKATI WA MVUA: DESEMBA HADI APRILI

Kwetu mvua ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na huisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Huu ndio wakati ambao ua letu hukua mbio. Katika wiki chache kopo hujaa. Fanya mambo matatu.

Kwanza, pima kabla ya kunyweshea. Tia kidole katika udongo mpaka pingili ya kwanza. Ukisikia unyevu, usinyweshe. Ukisikia ukavu, nyweshea polepole mpaka maji yaanze kutoka chini. Usinyweshe kwa mazoea, kwa kuwa jana ulinyweshea. Hewa ya wakati wa mvua ina unyevu, na udongo hukauka polepole.

Pili, kata ncha. Mmea ukifikia urefu wa kiganja, kata ncha ya shina kwa kucha. Shina likikatwa ncha hutoa matawi pembeni. Matawi mengi ndiyo maua mengi. Mmea usiokatwa ncha hupanda juu, kisha huanguka.

Tatu, lisha kidogo. Loweka samadi iliyooza katika maji kwa siku chache. Chuja. Changanya na maji mpaka iwe na rangi ya chai isiyokolea. Mimina kikombe 1 katika kila kopo, mara moja kila baada ya wiki mbili. Usizidishe. Mmea ulioshibishwa mno huwa na majani mengi lakini maua machache.

Mwezi wa Aprili, kabla mvua hazijaisha, chukua vipandikizi. Wakati huo mashina yana nguvu. Namna ya kufanya imeelezwa katika sehemu ya 7.

5. WAKATI WA KIPUPWE: JUNI HADI AGOSTI

Mvua zimekwisha. Usiku ni wa baridi kidogo na upepo wa kusi unavuma. Katika majira haya mikorosho nayo huanza kutoa maua. Ua letu halifi kwa baridi yetu, lakini hupunguza mwendo. Majani mapya huwa machache na maua hupungua.

Watu wengi hukosea hapa. Wanaona maua yamepungua, wanadhani mmea una kiu, wanazidisha maji. Udongo wa baridi uliojaa maji huozesha mizizi. Shina hulainika na kuwa jeusi karibu na udongo. Mmea uliofikia hapo hauponi kwa maji.

Kwa hiyo:
- punguza maji; pima kwa kidole kama tulivyosema;
- acha kulisha samadi;
- toa maua na majani yaliyokauka;
- ondoa kopo mahali ambapo upepo wa kusi hupiga moja kwa moja.

Mwache apumzike. Atarudi.

6. WAKATI WA KIANGAZI: SEPTEMBA HADI NOVEMBA

Sasa tumefika kwenye swali letu la mwanzo. Huu ni wakati wa jua kali na hewa kavu. Visima vingi vimepungua maji. Juu ya uwanda wa Makonde, maji ya mvua huzama upesi ardhini, na chemchemi hutokea chini, pembeni mwa uwanda. Kwa miaka mingi watu wa huko wamekuwa wakiteremka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Kwa kawaida anayepanda nayo ni mama au binti.

Hebu tupige hesabu.

Katika kiangazi kopo moja la ukubwa tuliosema huhitaji kama nusu lita ya maji kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 15. Ndoo moja ya kawaida ni lita 20. Kwa hiyo kopo moja halimalizi ndoo moja kwa mwezi. Si maji mengi.

Lakini nyumba yenye makopo 8 je?
Makopo 8 mara nusu lita ni lita 4 kwa siku.
Lita 4 mara siku 30 ni lita 120.
Lita 120 ukigawa kwa lita 20 ni ndoo 6.

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu uzito wa ndoo yenyewe. Ndoo 6 ni kilo 120 zilizobebwa kichwani. Kama kwenda na kurudi kisimani ni saa 2, ndoo hizo zimekula saa 12. Hiyo ni kutwa nzima ya kazi ya mtu mmoja, kila mwezi, kwa ajili ya maua.

Hapo ndipo ua linapoanza kumla mwenye nyumba. Wala kosa si la ua. Kosa ni la hesabu isiyofanywa.

Basi, katika kiangazi tusiseme, "Tuongeze maji." Tuseme, "Tupunguze makopo." Fuata hatua hizi mwanzoni mwa Septemba:

Hatua ya 1. Chagua makopo 2 yenye mimea mizuri kuliko mingine. Ukipenda rangi mbili, chagua moja la kila rangi. Hayo ndiyo makopo ya mbegu. Mimea mingine iache imalize uhai wake. Udongo wake uhifadhi mpaka mvua zirudi.

Hatua ya 2. Punguza mimea hiyo miwili. Kata kila tawi, ubakize vifundo viwili au vitatu kutoka chini. Mmea wenye majani machache hunywa maji machache. Usihuzunike ukiuona umebaki kama kisiki. Utachipua.

Hatua ya 3. Hamishia makopo mahali penye kivuli zaidi. Upande wa mashariki wa nyumba ni mzuri, kwa sababu jua la mchana na la jioni haliufikii.

Hatua ya 4. Funika udongo wa kopo kwa majani makavu au maganda ya karanga, unene wa vidole viwili. Mfuniko huo huzuia jua lisinyonye maji.

Hatua ya 5. Nyweshea kwa maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, na ya kusuuzia vyombo visivyo na mafuta wala sabuni nyingi, yote yafaa. Maji ya chumvi hayafai. Weka chombo kidogo karibu na jiko ili maji hayo yasimwagwe.

Makopo 2 yaliyokatwa hivyo yatatosheka na lita 1 kwa siku au pungufu. Nyumba inayopika kila siku huweza kupata kiasi hicho katika maji ya kuoshea. Kwa njia hii hakuna mtu atakayebeba ndoo kwa ajili ya ua.

Na ikiwa hata maji hayo hayapatikani? Basi watu kwanza, kisha mifugo, kisha ua. Liache life bila majuto, mradi umeweka mbegu. Mwenye mbegu hakupoteza ua, ameliweka akiba.

7. VIPANDIKIZI NA MBEGU

Vipandikizi. Kata ncha ya tawi lisilo na ua, urefu wa kidole cha kati, kama sentimita 8 hadi 10. Kata chini kidogo ya kifundo. Toa majani ya chini, ubakize manne ya juu. Chomeka katika udongo wenye mchanga mwingi, ulio na unyevu, kivulini. Au weka katika chupa yenye maji, majani yakiwa juu ya maji. Mizizi hutoka baada ya wiki mbili hivi. Ikifika urefu wa ukucha mpaka pingili moja ya kidole, hamishia katika kopo. Mmea utokanao na kipandikizi huwa na rangi ile ile ya mama yake.

Mbegu. Kifuko cha mbegu hakina subira, kwa hiyo mtegee. Kifuko kikianza kuvimba na kung'aa, kizungushie kitambaa chepesi na kukifunga taratibu. Kikipasuka, mbegu zitabaki ndani ya kitambaa. Zianike kivulini siku tatu. Kisha zitie katika bahasha ya karatasi. Andika juu ya bahasha:

Jina la ua: ....................
Rangi yake: ....................
Tarehe ya kuvuna mbegu: ....................

Weka bahasha mahali pakavu pasipofikiwa na panya. Ndugu mwanakisomo, bahasha isiyoandikwa ni kitendawili. Baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka kilichomo. Mwandiko wako ndio kumbukumbu ya nyumba.

Mvua zikianza, nyunyiza mbegu juu ya udongo laini ulio na unyevu. Usizifukie, kwa kuwa mbegu hizi huhitaji mwanga ili ziote. Zifunike kwa vumbi jembamba tu la udongo. Zitaota baada ya wiki mbili au tatu. Miche ikiwa na majani manne, hamishia katika makopo. Mbegu zinaweza kutoa rangi tofauti na ya mama. Hilo si kosa lako.

8. WADUDU NA MAGONJWA

Utitiri. Hawa ni wadudu wadogo mno, wengine wekundu. Hupenda kiangazi. Geuza jani utazame chini yake. Ukiona utando mwembamba kama wa buibui na madoa ya njano, ni wao. Mihogo nayo ina utitiri wake. Osha majani kwa maji, hasa upande wa chini. Wakizidi, changanya kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, paka kwa kitambaa jioni, kisha osha asubuhi. Jaribu kwanza kwenye jani moja.

Vidukari na inzi weupe. Hawa hunyonya utomvu wa majani machanga. Waondoe kwa njia hiyo hiyo.

Ukungu. Majani hupauka na kujikunja, maua hudondoka, na chini ya jani huonekana unga mweupe. Ugonjwa huu hauna huruma. Ulionekana Uingereza mwaka 2003. Mwaka 2011 na 2012 uliangamiza maua haya sehemu nyingi za Marekani, watu wengi wakaacha kuyapanda. Ukiuona, ng'oa mmea mzima, uufukie mbali au uuchome. Usipande tena ua hilo katika udongo ule.

Onyo. Ukungu huu si ubwiri unga wa mikorosho. Unga unafanana kwa macho, lakini ni magonjwa mawili tofauti. Usichukue salfa au dawa nyingine ya mikorosho ukaitia katika ua la barazani. Barazani ndipo watoto wanapocheza na wageni wanapokula. Ua moja halifai kuhatarisha afya ya mtu.

9. MAUA BILA MBU

Watu wengi huweka sahani au kifuniko chini ya kopo ili maji yasichafue sakafu. Maji hayo yakituama, mbu hutaga mayai. Katika joto letu yai huwa mbu kamili baada ya siku 7 hadi 14. Aina ya mbu wanaoeneza homa ya dengi hupenda hasa maji yaliyotuama katika makopo, chupa na sahani karibu na nyumba. Jiji la Dar es Salaam lilipatwa na mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Kwa hiyo:
- mwaga maji ya sahani kila baada ya kunyweshea, au jaza sahani mchanga;
- badilisha maji ya chupa ya vipandikizi kila baada ya siku 3, na usuuze chupa;
- makopo matupu yasiyotumika yageuze mdomo chini, au yafukie.

Nyumba yenye maua mazuri na mbu wengi haijapambwa.

10. KUMBUKA

Desemba–Aprili: linakua mbio. Pima kwa kidole, kata ncha, lisha kidogo. Aprili chukua vipandikizi na mbegu.
Mei: mvua zimekwisha. Anza kupunguza maji.
Juni–Agosti: linapumzika. Maji kidogo, bila samadi.
Septemba: bakiza makopo 2. Kata, funika, tia kivulini.
Oktoba–Novemba: maji ya kuoshea tu.
Mvua zikirudi: badilisha udongo, panda upya, gawia jirani.

Jambo la mwisho ni muhimu. Ukimpa jirani kipandikizi, umejiwekea akiba. Lako likifa, utakwenda kuomba la kwake. Katika kijiji chenye nyumba kumi zenye ua moja moja, ua hilo halipotei kwa urahisi, wala hakuna nyumba itakayolemewa na makopo manane.

MANENO YA KUJIFUNZA

kifundo – mahali katika shina ambapo jani au tawi hutokea
kipandikizi – kipande cha mmea kinachochomekwa ili kiote
samadi – kinyesi cha wanyama kinachotumika kama mbolea
kutuama – kukaa mahali pamoja bila kutiririka (maji)

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika kaya zenu ni nani huchota maji ya kunyweshea maua? Je, ndiye aliyeamua idadi ya makopo?
2. Wengine husema kupanda maua ni anasa. Wengine husema nyumba isiyo na ua haina furaha. Nyinyi mnaonaje?
3. Ni mimea gani mingine ya porini hapa kwenu ambayo hamjawahi kuitazama kwa makini? Chagueni mmoja. Andikeni umbo lake, mahali unapoota na matumizi yake.
4. Pitieni nyumba za jirani. Hesabuni vyombo vyenye maji yaliyotuama. Mtafanya nini?

ZOEZI LA HESABU

Bibi mmoja ana makopo 5 ya maua. Katika mwezi wa Oktoba kila kopo hunywa nusu lita kwa siku.
(a) Makopo yote hunywa lita ngapi kwa siku 30?
(b) Ni ndoo ngapi za lita 20?
(c) Akibakiza makopo 2, ataokoa lita ngapi kwa siku 30?

Majibu: (a) lita 75, (b) ndoo 3 na robo tatu, (c) lita 45.

ZOEZI LA KUANDIKA

Mwandikie barua fupi ndugu yako anayekaa mbali. Mweleze namna ya kuliokoa ua lake wakati wa kiangazi bila kuongeza hata ndoo moja ya maji. Soma barua yako mbele ya wenzako kabla ya kuipeleka.